Rafu ya Marekani na Eda ya Bi Rumaitha

Wanafunzi wa chuo kile cha Nizwa, Omani, ukiwauliza Bi Kaltham ni mtu wa namna gani, kwanza watakwambia ni mkali. Hawakosei. Kazi ya ukutubi ameifanya karibu umri wake wote, na meza yake iko katika chumba cha marejeo, yaani cha vile vitabu vinene visivyoazimwa: kamusi, ensaiklopidia, faharasa, orodha za vitabu na wasifu wa watu. Mwanafunzi akija na simu mkononi, ameshatafuta na ameshapata majibu chungu nzima asiyojua lipi ashike lipi aache, Bi Kaltham humtazama kidogo, humwambia aitie simu mfukoni, kisha humwekea kiti. Hapo hanyanyuki mpaka asome makala moja ya kitabu kimoja, na aisome kweli, si kuipitishia macho.

Ukali huo una kazi yake. Siku hizi kila mtu ana haraka ya kujibiwa, na wanaojua kuuliza wamebaki wachache. Bi Kaltham alikuwa akiwafundisha watu kuuliza, kazi isiyopigiwa makofi na mtu, na wengi waliopita mikononi mwake wamekuja kumshukuru wakiwa wameshakuwa watu wazima wenye vyeo.

Alizaliwa Unguja mjini, miaka miwili baada ya mapinduzi. Mama yake hakuwahi hata kumnyonyesha vizuri, alikufa naye bado mchanga, akalelewa na shangazi yake, Bi Rumaitha, dada wa baba yake. Walipohamia Omani alikuwa mtoto wa shule. Baba alipata kazi ya serikali Izki, kisha akajenga Birkat al Mauz, chini ya mlima, nyumba ambayo falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, inapita nyuma ya ukuta wake. Baba alishafariki. Mume wa Kaltham naye alifariki, na watoto wakaenda Maskati kwenye kazi zao. Nyumba ikabaki na wanawake wawili, Kaltham na shangazi yake, pamoja na Mwanamboka, mtu wa Tanga, aliyekuwa akimwangalia bibi mchana wakati Kaltham yuko kazini.

Sasa Bi Rumaitha, kisa chake ndicho hiki. Aliolewa mwaka 1962, msichana wa miaka kumi na saba, na Saud, mwalimu wa hesabu, mtu wa ukoo wao wenyewe. Mwaka uliofuata Saud akapata nafasi ya kwenda kusoma Marekani. Alimuaga mkewe akimwambia atarudi akimaliza masomo, na barua zake zilikuja kila mwezi mpaka ulipoingia mwezi wa mapinduzi. Baada ya hapo haikuja hata moja. Nyumba waliyokuwa wakikaa ilichukuliwa, wao wakajificha kwa watu shamba, na posta ya siku zile nani angeiuliza barua ya nani?

Walipofika Omani alikuwa bado kijana na mzuri, na wachumba walikuja. Kaka yake akampeleka kwa kadhi. Kadhi akamweleza kwa upole kwamba mke wa mtu aliyepotea ana haki yake katika sheria: itahukumiwa kuwa mumewe amekufa, atakaa eda, kisha atakuwa huru kuolewa. Bi Rumaitha alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema neno ambalo ukoo mzima unalijua mpaka leo:

"Mimi sitomuua mume wangu kwa muhuri wa kadhi."

Akarudi nyumbani kuwa mke wa mtu. Harusini alikwenda, lakini hakujipamba wala hakutia hina, kwa kuwa mke ambaye mumewe yuko safarini hujipambia nani? Wanawake wenzake walimsema kwanza kwa huruma, kisha kwa kuchoka, na mwisho wakanyamaza.

Mume wa Kaltham alipofariki, Bi Rumaitha ndiye aliyemhudumia katika eda yake yote, miezi minne na siku kumi, akimpikia na kumzuilia wageni wasio na adabu. Siku moja, akimpa uji, alimwambia bila kumtazama usoni, "Una bahati, mwanangu. Wewe maiti wako umemwona." Kaltham alikuwa na majonzi yake mwenyewe siku ile, na neno lile lilimkera. Ilimchukua muda kuelewa kwamba shangazi yake alikuwa anamwonea wivu.

Mwaka huu moyo wa Bi Rumaitha ulianza kuchoka. Madaktari wa Nizwa walimpa dawa na kumkataza chumvi, naye akazimeza dawa, chumvi akawa anaila kwa siri. Jioni moja alimwita Kaltham, akamkalisha kitandani kando yake.

"Mimi n'nakaribia, mwanangu," alimwambia. "Kufa si neno. Lakini kila nikisali, nikifika pa kumwombea Saud, nasita. Sijui nimwombee salama au nimwombee rehema. Miaka yote hii nasita palepale. Wewe umesoma, hebu nitafutie."

Kaltham alijibu inshallah, lakini alikuwa ameshatafuta. Alikuwa ametafuta tangu mtandao ulipoingia Omani. Aliandika kwa ubalozi, akaandika kwa vyuo, akatia jina la Saud kamili mahali pote panapotiwa jina, na hakupata kitu. Hakumwambia shangazi yake, maana aliona ukimya ule ungemuumiza zaidi. Mwisho alijiaminisha kuwa Saud hakufika popote huko ng'ambo, kwamba alikufa kijana bila ya mtu wa kumwandika.

Hapo ndipo alipokuja Ibtihal. Alikuwa msichana wa Mudhaibi, babu zake watu wa Pemba, mwanafunzi wa somo la masomo ya Kimarekani, na alitakiwa aanze utafiti wake wa mwisho wa mwaka. Alitaka kuandika juu ya vijana wa Zanzibar waliokwenda kusoma Marekani kabla ya mapinduzi. Kiswahili alikisikia kwa bibi yake tu, akawa anakichanganya na Kiarabu.

"Ustadha, mimi nimetafuta sana, wallah," alisema. "Kitu hii haiko. Mafi shay."

Bi Kaltham aliposikia mada yenyewe alifanya kama afanyavyo kwa kila mtu, akamwekea kiti.

Vitabu vilikuwapo. Ndani kabisa ya chumba cha marejeo kulikuwa na rafu ambayo wafanyakazi wenzake waliiita rafu ya Marekani. Vitabu vyake viliachwa na mwalimu mmoja Mmarekani mzee aliyesomesha Kiingereza pale chuoni miaka mingi, na alipokuwa anarudi kwao hakuona sababu ya kuvisafirisha. Mara kadhaa wakubwa walitaka vitupwe, kwa hoja kwamba vimepitwa na wakati na vinakula nafasi. Bi Kaltham alisimama nao kidete. Aliwaambia kwamba kitabu cha marejeo cha zamani hakiharibiki, kinabaki kuwa shahidi wa siku zake, na shahidi hatupwi kwa sababu amezeeka. Walimwacha, nadhani kwa kuogopa kubishana naye zaidi ya kukubali.

Akamwanzisha Ibtihal kwenye ensaiklopidia ya mambo ya elimu ya Marekani, makala moja tu, ile ya wanafunzi wa kigeni. Akamwambia asitafute jibu humo. Atafute majina: majina ya mashirika yaliyowalipia wanafunzi, majina ya mipango, miaka, na maneno ambayo watu wa siku zile waliyatumia. Mwisho wa makala kuna orodha ya vitabu, na orodha ile ndiyo mlango wa pili. Kutoka hapo waliingia kwenye faharasa za majarida, kisha kwenye ripoti za kila mwaka zinazohesabu wanafunzi kwa nchi walizotoka. Kila hatua ilimpa Ibtihal kidogo tu, lakini kidogo chenyewe kilikuwa kweli, na msichana akaanza kukaa kitini bila ya kulazimishwa.

Walipofika kwenye Zanzibar, Ibtihal alikwama. Alikuwa anaitafuta chini ya Tanzania, na haikuwapo.

"Mwaka sitini na tatu Tanzania ilikuwa haijazaliwa," Bi Kaltham alimwambia. "Usitafute kitu kwa jina unaloliita wewe leo. Kitafute kwa jina walilokiita wao siku ile."

Ibtihal akafungua ukurasa mwingine, akaiona Zanzibar peke yake kwa herufi zake, akacheka kwa furaha. Kisha akauliza swali ambalo mwanafunzi yeyote angeuliza. Na watu wenyewe je? Akitaka kumtafuta mtu, atamtafuta kwa jina la kabila lake, kama tufanyavyo sisi?

Bi Kaltham alianza kumjibu kwa sauti ileile ya kila siku. Akamweleza kwamba hapana, Wamarekani hupanga watu kwa jina la mwisho, na kwa watu wetu lazima ujue jina la mwisho lilikuwa lipi wakati ule. Kule Unguja watu wengi katika pasipoti waliandika jina lao, la baba na la babu, basi. Kabila hawakuliandika, maana kila mtu mtaani alilijua. Sisi tulianza kulitanguliza tulipokuja huku, ili watu wa huku watujue kuwa ni wenzao, wasituone wageni—

Akanyamaza katikati ya sentensi. Ibtihal alidhani ustadha amesahau jambo, akangoja. Bi Kaltham alimwambia kwa leo inatosha, aende akasali alasiri, na amalizie kesho.

Msichana alipotoka, Bi Kaltham hakunyanyuka mara moja. Miaka yote ile alikuwa amemtafuta Saud kwa jina la kabila, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake yeye, kama lilivyo juu ya mlango wa nyumba yao. Jina hilo Saud hakuwa nalo. Siku alipopanda ndege hakuna mtu wa ukoo ule aliyekuwa ameshajiandika hivyo. Pasipoti yake ilikuwa Saud Khelef Nasser. Watu wa balozi na wa vyuo walimtafuta kwa uaminifu mtu ambaye hakupata kuwapo, na waliowatuma ni sisi wenyewe, kwa ile hamu yetu ya kuwa watu wa hapa toka mwanzo.

Alikwenda kwenye rafu ya Marekani. Kulikuwa na kamusi ya wasifu wa walimu wa vyuo vya huko, majuzuu mengi mazito, kila mtu amepewa mistari michache, na mistari yenyewe hujazwa na mwenyewe, kwa fomu anayotumiwa. Akavuta juzuu la herufi N.

Nasser, Saud Khelef. Mwalimu wa hisabati. Alizaliwa Zanzibar, 1938. Kisha shule aliyosoma Unguja, ambayo Kaltham aliijua. Kisha chuo, digrii, mji wa kaskazini ambako theluji huanguka nusu ya mwaka. Na katikati, pale panapoandikwa ndoa, mkato mkato kama ilivyo desturi ya vitabu hivyo: alimwoa Rumaitha, 1962 (alifariki 1964). Alimwoa Dorothy, 1970. Watoto wawili.

Bi Kaltham alisoma mabano yale, akayasoma tena. Kisha akakaa chini sakafuni, mwanamke wa umri wake, na abaya yake, kati ya rafu na rafu, akalia.

Hakuna wa kulaumiwa humo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mwezi ule wa mapinduzi habari zilizosafiri zilikuwa za vifo, na vilikuwapo vya kutosha. Bila shaka mtu fulani alimwandikia Saud kwamba nyumba imevamiwa na waliokuwamo hawapo. Labda mwandishi naye aliamini ndivyo. Na mtu akishaamini mkewe amekufa, humwombea dua na kujikaza, hamtafuti tena. Bi Rumaitha upande huu alikuwa anasita kati ya salama na rehema. Saud upande ule hakuwa na la kusita. Alikuwa na rehema tu.

Hata hivyo Bi Kaltham hakukimbilia nyumbani na habari. Mwenyewe alikuwa akiwafundisha watu kwamba shahidi mmoja hatoshi. Alimwandikia mkutubi mwenzake katika chuo kile cha Saud, mtu asiyemjua, akamwomba amwangalizie. Wakutubi ni watu wa ajabu kidogo, wanaweza kukaa siku nzima wakimtafutia mgeni jambo lisilowahusu. Jibu lilikuja na nakala ya gazeti la chuo: Mwalimu Nasser alifariki 2003, akazikwa na Waislamu wa mji ule, na wanafunzi wake wa zamani walimsifu kwa upole na kwa mwandiko wake mzuri ubaoni. Kazi ya kumtafuta ilikuwa imekwisha.

Siku chache alikaa nalo moyoni. Mezani hakula vizuri, na Bi Rumaitha, ambaye hakupitwa na kitu, alimuuliza kama anaumwa. Kwanza Kaltham alikwenda kwa shekhe wa msikiti wa jirani, kwa sababu alijua shangazi yake ataulizia nini. Shekhe alimweleza kwamba kwa wanazuoni wengi eda ya mjane huhesabiwa tangu siku ya kifo, hata kama habari imemchelewa. Kwa hiyo eda ya Bi Rumaitha imeshapita zamani, na hana cha kukaa. Alisema kwa nia njema, kama mtu anayempunguzia mwenzake mzigo.

Jumatatu, baada ya sala ya asubuhi, Kaltham aliingia chumbani kwa shangazi yake. Siku hiyo hakwenda kazini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sema. Nimekuona wiki nzima umebeba kitu."

Akasema. Alimwambia yote kwa utaratibu, tangu kosa la jina mpaka gazeti la chuo. Neno la mabano alilisema mwisho, kwa sauti ndogo, na alitamani asingelisema. Bi Rumaitha alikuwa ameshika tasbihi lakini haikuwa inatembea.

"Mimi ndiye niliyekufa," alisema baadaye.

"Ndivyo walivyomwambia, shangazi."

"Na huyo mwanamke alimwoa mwaka gani?"

"Sabini."

Bi Rumaitha alihesabu kwa vidole, polepole, kama mtoto wa chuo cha Kurani, tangu sitini na nne. Machozi yalianza kumtoka, lakini uso wake haukuwa na uchungu ambao Kaltham aliuogopa.

"Mwanamume hana eda," alisema. "Sheria haikumwekea. Na Saud kanikalia miaka sita."

Kaltham alimshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka jua likaingia dirishani na Mwanamboka akaleta chai, akawaona, akairudisha jikoni bila ya kuuliza.

Halafu, kama alivyotarajia, shangazi yake akauliza habari ya eda. Kaltham akamfikishia maneno ya shekhe, kwamba imeshapita na hana cha kukaa. Bi Rumaitha alijifuta uso kwa upande wa mtandio.

"Mpe salamu shekhe. Mwambie nimemsikia, na sheria ni sheria," alisema. "Mimi nitakaa. Si kwa kuwa wajibu. Nataka kumkalia."

Kaltham akafunga mapazia, akampa nguo nyeupe za eda, akapiga simu kwa watu wa ukoo, Ibra, Sur, Maskati. Wengine walishangaa, na kijana mmoja wa ukoo aliuliza kwenye simu msiba wa nani hasa. Lakini walikuja. Walikuja na magari yao, wakajaza nyumba, wakakaa juu ya mikeka wanawake kwa wanawake, wakasoma, wakalia kidogo, wakala halwa na kunywa kahawa chungu kama msiba wowote. Ibtihal alikuja na mama yake kutoka Mudhaibi, akakaa karibu na mlango, ameinamisha kichwa. Utafiti wake aliuendeleza, na katika ukurasa wa shukrani aliandika jina la Bi Kaltham peke yake, bila ya kueleza kwa nini.

Mchana wa siku ya pili aliingia Mahfoudha, jirani wa upande wa pili wa falaji, aliyekuwa safarini na hakujua habari. Aliona nguo nyeupe, akapiga magoti, akamshika Bi Rumaitha mikono miwili, akamwombea subira. Akamuuliza, kama watu wanavyouliza, huyu bwana amefariki lini.

Bi Rumaitha alimtazama bila ya kusita.

"Jumatatu," alisema. "Mungu amrehemu."

Kaltham alikuwa na dele la kahawa mkononi. Kazi yake ilikuwa kusahihisha tarehe za watu, na tarehe aliijua. Alimmiminia Mahfoudha kahawa, akampa kikombe.